Kima-simba wa dhahabu na homa iliyoua zaidi kwenye msitu mzuri

Mei 2018 majibu ya maabara yalithibitisha jambo ambalo watafiti wa wanyama katika jimbo la Rio de Janeiro, Brazili, walikuwa wakiliogopa: mzoga wa kima-simba wa dhahabu ulikutwa na virusi vya homa ya manjano. Huyo alikuwa wa kwanza kuthibitishwa, lakini hakuwa wa kwanza kufa. Walipohesabu upya, idadi ya wanyama hawa porini ilikuwa imeshuka kutoka takriban 3,700 waliokadiriwa mwaka 2014 hadi 2,516, yaani karibu mmoja kati ya kila watatu alikuwa ametoweka. Ndani ya hifadhi ya Poço das Antas, mahali ambapo kazi ya kuwaokoa ilianzia, walikuwapo 380 hivi. Wakabaki takriban 32.

Msiba kama huo unaumiza, ila kilichonifanya nikae na kisa hiki ni kitu kingine kilichojitokeza watafiti walipochambua vifo hivyo eneo kwa eneo. Kima walikufa zaidi kwenye misitu iliyo bora. Vipande vikubwa vya msitu, vyenye pembezoni chache, vilivyounganishwa vizuri na vipande vya jirani, ndivyo vilivyopoteza wanyama wengi. Vipande vidogo vilivyojitenga katikati ya malisho ya ng'ombe vilipoteza wachache. Kwa zaidi ya miaka 30 watu walikuwa wametafuta fedha, wameotesha miche na kuwabembeleza wenye ranchi ili misitu iungane, kisha ugonjwa ukaja na kupiga hasa pale walipofanikiwa.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: je, walikosea kuunganisha misitu? Jibu langu ni hapana. Ila ili nilifikie inabidi kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana karibu kila kitu kwenye kisa hiki kinatokana na namna anavyoishi.

Anavyoishi

Kwa Kireno anaitwa mico-leão-dourado, maana yake kima-simba wa dhahabu. Nywele ndefu zinauzunguka uso wake mweusi kama manyoya ya shingo ya simba dume, na mwili wote una rangi ya dhahabu inayoelekea chungwa. Ni mdogo mno. Mkubwa aliyekomaa ana uzito wa gramu 500 hadi 600 na kidogo, sawa na embe moja kubwa. Mwili wake una urefu wa sentimita 26 hivi, na mkia unauzidi mwili.

Kima wengi wana kucha bapa kama za binadamu. Huyu, ukiacha kidole gumba cha mguu, ana kucha zilizochongoka, na kwa kucha hizo anang'ang'ania gome la mti na kupanda shina wima kama kindi. Vidole vyake vya mkono ni virefu na vyembamba, na ukitaka kujua kazi yake mtazame akitafuta chakula. Juu ya matawi ya msitu ule huota mimea ya jamii ya nanasi. Majani yake yamepangana kama kikombe, na ndani yake hukusanyika maji ya mvua, majani makavu na viumbe vinavyojificha humo: panzi, buibui, vyura wadogo, mijusi. Kima-simba anafika, anashika ukingo wa mmea kwa mkono mmoja, anautumbukiza mwingine mpaka begani. Kichwa kinageukia pembeni, macho yanatazama kwingine kabisa, kwa sababu kwa wakati huo anaona kwa vidole. Anapapasa kati ya jani na jani. Mkono unapotoka una panzi anayepiga mateke, naye anaanza kumla kuanzia kichwani.

Sehemu kubwa ya chakula chake ni matunda yaliyoiva, na nekta ya maua msimu wa matunda unapopungua. Wadudu ndio kibarua kigumu, na ndio kinachochukua muda mrefu kufundishwa. Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Mkubwa akigundua mdudu aliyejificha, mara nyingine hamchukui. Anabaki palepale akitoa mlio maalumu wa kuitia chakula, mpaka mtoto afike, aingize mkono wake mwenyewe na kumtoa. Kwa miezi ya mwanzo mtoto hupewa mdudu mkononi. Akikua, anaonyeshwa tu mahali.

Wanaishi kwa familia, wastani wa wanyama watano au sita. Kwa kawaida anazaa jike mmoja tu, na mara nyingi anazaa mapacha. Mimba huchukua miezi minne na siku kadhaa, na watoto wengi huzaliwa kuanzia Septemba, mvua zinapoanza kurudi na chakula kuongezeka. Watoto wawili ni mzigo mkubwa kwa mama mdogo kiasi kile, kwa hiyo baada ya siku za mwanzo hawabebi peke yake. Baba anawabeba, kaka na dada wakubwa wanawabeba, na mama anarudishiwa muda wa kunyonyesha. Familia ikipungua, ulezi unakuwa mgumu. Ikiwa na wabebaji wa kutosha, mapacha wote wawili wana nafasi nzuri ya kukua. Kumbuka hili la mapacha, tutalirudia kwenye hesabu.

Kila familia ina eneo lake. Ndani ya Poço das Antas wastani ulikuwa hekta 45 hivi, ambazo ni nyingi kwa mnyama wa nusu kilo. Wanalilinda kwa milio mirefu inayosikika mbali, na wakikutana na majirani mpakani wanafukuzana. Jua linapokaribia kuchwa familia nzima inaingia kwenye tundu la mti na kulala imebanana humo hadi asubuhi. Kijana anapokomaa huondoka kwao kutafuta mwenzi na eneo. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu huyu ni mnyama wa juu ya miti. Kipande cha malisho kisicho na mti ni kama mto mpana kwake. Anaweza kuuona msitu wa ng'ambo na asiufikie maisha yake yote.

Kazi iliyokuwa imefanyika

Msitu wa Atlantiki wa Brazili umebaki sehemu ndogo sana ya ulivyokuwa, na misitu ya tambarare za pwani ya Rio de Janeiro, ambako peke yake ndiko kima-simba wa dhahabu anakopatikana kiasili, ndiyo iliyokatwa mapema na kwa ukali zaidi. Ni karibu na mji mkubwa, ardhi yake haina milima, inafaa kwa mashamba na ng'ombe. Pamoja na hilo, wanyama wenyewe walikamatwa kwa wingi kuuzwa kama mapambo ya nyumbani. Mwanasayansi wa Brazili Adelmar Coimbra-Filho alipaza sauti tangu miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa wamebaki 200 hivi porini.

Mwaka 1974 Poço das Antas ikatangazwa hifadhi. Kule Marekani, Devra Kleiman wa bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington alichambua kwa nini kima hawa walikuwa wakifa ovyo kwenye vizimba, akaweka utaratibu wa kuwazalisha kwa mpango mmoja kati ya bustani nyingi. Kuanzia 1984 wazaliwa wa vizimbani wakaanza kurudishwa Brazili. Wa kwanza wengi walikufa. Walizoea fito ngumu zisizotikisika, wakashindwa na matawi mabichi yanayolegea. Walizoea chakula kuletwa, wakashindwa kukitafuta. Walipopewa msaada wa chakula na uangalizi baada ya kuachiwa, wakadumu vya kutosha kuzaa, na watoto wao waliozaliwa porini walijua msitu. Hadi mwaka 2000 walikuwa wamerudishwa 146, na inakadiriwa theluthi moja ya waliopo porini leo wana damu yao.

Mengine nayataja kwa haraka. Kati ya 1994 na 1997 familia sita zilizokwama kwenye vipande vidogo visivyo na mustakabali zilihamishiwa msitu wa União, na mwaka 1998 msitu huo ukawa hifadhi. Shirika la Associação Mico-Leão-Dourado, lililoanzishwa mwaka 1992, likachukua usukani wa kazi yote na kujiwekea lengo: kima 2,000 wanaoishi kwenye hekta 25,000 za msitu uliolindwa na uliounganishwa. Brazili ikamweka kima huyu kwenye noti yake ya reali 20 mwaka 2002. Mwaka 2003 akashushwa daraja kutoka walio hatarini kabisa hadi walio hatarini.

Neno la kushika hapo ni "uliounganishwa". Kima 2,000 waliotawanyika ishirini hapa na kumi pale hawafiki mbali. Ndugu wataoana na ndugu, na moto mmoja utafuta familia tatu. Ndiyo maana wakaotesha shoroba za miti katikati ya ranchi, msitu kwa msitu. Kwa barabara kuu ya BR-101, inayokata makazi yao na iliyokuwa ikipanuliwa, walidai na kupata kivuko cha juu kilichojazwa udongo na kuoteshwa miti. Kilikamilika mwaka 2020, miaka miwili baada ya homa.

Homa ilivyoingia

Mlipuko ulianza mwishoni mwa 2016 katika jimbo la Minas Gerais, ukaingia Espírito Santo na Rio de Janeiro, kisha ukaendelea São Paulo. Kwa watu ulikuwa mlipuko mkubwa wa homa ya manjano usioonekana Brazili kwa miongo mingi: zaidi ya watu 2,000 waliugua na zaidi ya 700 walifariki kati ya 2016 na 2018.

Msituni ugonjwa hubebwa na mbu wa jamii ya Haemagogus na Sabethes. Hawa si mbu wa ndoo na matairi tuliowazoea mjini. Wanaishi juu kwenye vilele vya miti, wanauma mchana, na wanataga mayai kwenye matundu ya miti yanayoshika maji. Mayai hukaa yakisubiri mvua. Jike mwenye virusi anaweza hata kuvipitisha kwenye mayai yake. Kwa maneno mengine, anaishi kwenye ghorofa moja na kima-simba, anatembea saa zilezile, na nyumba ya watoto wake ni tundu la mti, tofauti ikiwa tu kwamba yeye anataka lenye maji na kima anataka kavu.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Afrika anapaswa kulijua kuhusu ugonjwa huu, kwa sababu linabadilisha namna ya kukihukumu kisa chenyewe. Homa ya manjano ni ya huku kwetu. Virusi vyake vilitoka Afrika na kuvushwa bahari ya Atlantiki na meli za biashara ya watumwa. Kima wa Afrika wameishi navyo kwa vizazi visivyohesabika. Wengi huambukizwa na kupona bila hata kuugua sana. Kima wa Amerika hawakuwahi kupata muda huo. Waungurumaji, wale kima wakubwa ambao sauti yao ya alfajiri husikika kilomita kadhaa, hufa karibu wote wakiambukizwa. Wakati wa mlipuko ule, kunyamaza kwao ndiko kulikowaambia watu kwamba ugonjwa umefika.

Na kwa uchungu lazima niseme kwamba wapo waliowageukia kima hao na kuwaua kwa kipigo na sumu, wakidhani ndio wanaoambukiza watu. Kima haambukizi mtu homa ya manjano. Anang'atwa na mbu yuleyule anayemng'ata mtu, na kwa kuwa anakufa mapema, anatoa onyo linalowapa madaktari nafasi ya kupeleka chanjo kabla watu hawajaanza kuugua. Anayeua kima katika mlipuko anaua mlinzi wake.

Kwa nini msitu mzuri

Turudi kwenye ule uchambuzi wa vifo. Waliochapisha matokeo mwaka 2019 walikuwa waangalifu: walisema tabia hizo za msitu, ukubwa, pembezoni chache, muungano, huenda ndizo zinazompendeza mbu. Kwa maoni yangu maelezo hayo yanaingia akilini. Mbu wa vilele vya miti anataka kivuli, unyevu na miti mizee yenye matundu. Pembezoni mwa msitu jua linaingia, upepo unakausha, matundu yanapoteza maji. Kipande kidogo cha msitu ni pembezoni karibu chote. Kipande kikubwa kina moyo wenye giza na ubichi, na humo mbu anakaa raha. Ongeza kwamba msitu mkubwa una kima wengi, wa aina zaidi ya moja, na virusi vinahitaji damu mpya kila wakati ili visizimike.

Yaani kila kinachoufanya msitu umfae kima-simba kinaufanya umfae mbu pia. Miti mizee yenye matundu humpa kima mahali pa kulala, ubichi huikuza ile mimea ya jamii ya nanasi, na msongamano wa miti humficha asionekane na ndege wa mawindo. Huwezi kumpunguzia mbu bila kumpunguzia kima.

Ndiyo maana nasema walioiunganisha misitu hawakukosea. Fikiria njia ya pili ingekuwaje. Wangewaacha kima kwenye vipande vidogo, homa ingewapita wengi, na vipande hivyohivyo vingewaua kwa njia ya polepole: kuoana ndugu, ukame, moto, mwindaji mmoja mwenye njaa. Si nadharia. Zile familia sita zilihamishiwa União kwa sababu mahali zilipokuwa hapakuwa na kesho. Homa hupiga kwa msimu na kupita, na waliobaki huzaa. Kutengana hakupiti mpaka mtu aoteshe miti.

Lakini ukikubali hoja hiyo unabeba na deni lake. Kama unaunganisha misitu ukijua kwamba muungano unabeba na ugonjwa, unawajibika kutafuta kinga. Hapo ndipo kisa kinapofika kwenye uamuzi mgumu.

Kuchanja au kuacha

Chanjo ya homa ya manjano ni ya zamani. Max Theiler aliikamilisha mwaka 1937, na akapata tuzo ya Nobel mwaka 1951. Ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na dozi moja inatosha. Msafiri yeyote mwenye kile kijitabu cha njano ameipata. Taasisi ya Fiocruz mjini Rio de Janeiro inaitengeneza tangu mwaka uleule wa 1937. Kwa hiyo dawa ilikuwapo, tena jirani. Kilichokosekana ni ujasiri na ruhusa.

Waliopinga hawakuwa watu wa kupuuzwa. Walisema mnyama wa porini anatakiwa aachwe apambane na maradhi yake, wachache watakaopona watakuwa na kinga na kuipitisha tabia hiyo ya mwili kwa watoto. Walisema pia kwamba kuingiza virusi hai, hata dhaifu, kwenye mwili wa aina isiyowahi kuchanjwa ni kucheza kamari na mnyama ambaye wamebaki elfu mbili na nusu. Hoja ya pili ilistahili jibu la maabara, na ililipata: wanasayansi wa Fiocruz, akiwamo Marcos Freire, walizijaribu dozi zilizozimuliwa kwa viwango tofauti kwa kima waliokuwa wakitunzwa vizimbani, ili waone ni kiasi gani kinatoa kinga bila kuumiza.

Hoja ya kwanza mimi siikubali. "Maradhi yake" ni maneno yasiyo sahihi kwa ugonjwa ulioletwa na meli za wanadamu na kumkuta akiwa amebanwa kwenye mabaki ya msitu uliokatwa na wanadamu. Kinga ya kurithi inahitaji vizazi vingi na wanyama wengi, navyo vyote viwili havikuwapo. Tena jambo lenyewe halikuwa geni kabisa. Mwaka 1966 huko Gombe, Kigoma, polio ilipowapooza sokwe, Jane Goodall aliwapa chanjo ndani ya ndizi. Mwaka 1988 sokwe wa milimani nchini Rwanda walichanjwa surua kwa mishale ya sindano.

Kwa kima-simba mshale haufai, ungemjeruhi vibaya. Na hapa ndipo miaka yote ile ya kumfuatilia ilipolipa. Tangu 1983 watafiti, James Dietz na wenzake wakiwa mbele, walikuwa wameshajua kila familia inalala wapi, wakizifuatilia kwa kola za redio, alama za rangi kwenye manyoya na namba zilizochorwa ndani ya paja. Kima walishazoea vizimba vya mtego vinavyowekwa juu ya majukwaa na kutiwa ndizi. Chanjo ilipoidhinishwa, hakukuwa na haja ya kubuni njia mpya ya kumfikia mnyama. Kuanzia 2021 familia zilikamatwa asubuhi kwa ndizi zilezile, wakalazwa kwa dawa ya usingizi, wakapimwa, wakadungwa, wakaamka na kurudishwa pale pale walipotolewa. Kurudishwa mahali pale ni jambo kubwa: familia ikikosekana kwenye eneo lake kwa muda mrefu, majirani wanaliingia.

Kufikia katikati ya 2023 walikuwa wamechanjwa zaidi ya 370. Waliokamatwa tena na kupimwa damu, zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa na kinga, na hakuna madhara yaliyoonekana.

Hesabu za 2023 na namna ya kuzisoma

Mwaka huohuo hesabu mpya ilitangazwa: takriban kima-simba 4,800. Ni wengi kuliko wakati wowote tangu kazi ianze. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Ila nimeona habari hii ikisimuliwa kana kwamba chanjo ndiyo iliyowaongeza, na hesabu zenyewe zinakataa. Waliochanjwa 370 kati ya 4,800 hawafiki asilimia nane. Chanjo ya wanyama wachache kiasi hicho haiwezi kuwa imezalisha wengine zaidi ya elfu mbili.

Kilichowaongeza kwa sehemu kubwa ni wao wenyewe. Homa ilipopungua, maeneo mengi yalibaki bila wenyewe. Kijana ambaye zamani angetangatanga mwaka mzima akifukuzwa kila mpaka, sasa alikuta hekta 45 za matunda, matundu ya kulala, na hakuna wa kumfukuza. Anapata mwenzi, wanazaa mapacha, mwaka unaofuata mapacha tena, na wakubwa wanawabeba wadogo. Jamii inayozaa hivyo inaweza kukaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka mitano bila muujiza wowote, ilimradi vijana waweze kufika penye nafasi. Na wanafika kwa kupita kwenye shoroba. Miti ileile iliyopitisha ugonjwa ndiyo iliyopitisha vijana walioijaza tena misitu mitupu. Kipande kilichojitenga kikishamaliza kima wake, hakijazwi tena ila na binadamu mwenye kizimba.

Si kila mahali palirudi kwa kasi moja. Kuna misitu iliyopata nafuu ndogo na mingine iliyokuwa na wachache hapo awali ikaongezeka sana, na Poço das Antas ilianzia chini mno.

Basi chanjo ilikuwa ya nini? Ilikuwa kwa ajili ya mlipuko ujao. Lengo la awali lilikuwa kuwachanja 500, kundi ambalo likisalimika linaweza kuanzisha upya jamii yenye damu tofauti za kutosha hata kama wengine wote watapotea. Kwa lengo hilo, 370 si wachache.

Yaliyobaki mezani

Wawindaji wa biashara wamerudi. Februari 2024 boti iliyotoka Brazili ilikamatwa Togo ikiwa na kima-simba zaidi ya 10 pamoja na kasuku adimu wa buluu. Mnyama anapoongezeka na kuzoea ndizi za mtego, mwizi naye anajua atumie nini, na hili linanitia wasiwasi kuliko mbu, kwa kuwa mwizi anachukua familia nzima pamoja na maarifa yake ya msitu.

Ipo pia kazi ya kurudia. Kinga ya chanjo hairithiwi. Mapacha wanaozaliwa Septemba na mama aliyechanjwa wanakua bila kinga ya kudumu, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi wanaanza kuondoka kwao, kila mmoja akipita shoroba kuelekea asikojulikana. Ili wasiingie msimu wa mbu hivyo, kizimba chenye ndizi kinatakiwa kiwe juu ya jukwaa kabla hawajaondoka.